Miche ya Mjomba

Saa mbili asubuhi kosta ya Newala iliondoka Masasi, nyuma ikiwa imepakia miche ya mikorosho ya Mzee Mujibu wa Chiungutwa. Mpwa wake Faidha, mhadhiri wa chuo kikuu, alikuwa ametangaza katika utafiti wake kwamba bustani ya miche ya mjomba wake huyo ina ugonjwa wa mnyauko.

Mbele ya kiti cha Mujibu, abiria wawili wasiomjua walikuwa wakibishania habari hiyo hiyo. "Uhuru wa wasomi ndio huo, Baba Dastani? Kumwanika mjomba aliyekusomesha?" Mwenzake akajibu, "Alipima mara mbili, Mama Flora. Akamwendea mjomba kwanza, akafukuzwa. Wenzake chuoni wakamshauri afiche jina la bustani. Akasema, mkulima atajuaje pa kutonunua?"

"Angesubiri mzee auze kwanza."

"Akuuzie wewe?"

Mama Flora alicheka, lakini hakukubali. "Mjomba ni mjomba."

Mujibu, ambaye kweli alimfukuza Faidha, alitazama nje. Gari liliposimama Newala walikuwa bado wanabishana. Mnunuzi wa miche ile, kutoka Chilangala, alikuja na mkokoteni. "Shikamoo mzee. Nipakie?"

"Marahaba. Usipakie, mwanangu," alisema Mujibu. "Hii ni ya kuchomwa. Mpwa wangu ameipima."