Utalala Wapi Ukitoka Hapa?

Wamama na wapapa wa shirika letu la sala, mumenipa kiti na mimi nimekikataa. Si kiburi. Nimekaa sana kwa maisha yangu, basi leo muniachie nisimame. Majina sitataja, mwenye kujijua atajijua. Na kama kuna mutu amekuja kusikia ushuhuda wa kupiga vigelegele, ninamuomba musamaha mapema, maana huu wangu uko na machozi mengi kuliko kicheko.

Mimi ni mwanamuke wa kule Masisi. Tulikimbia vita na wengine wengi, na bwana yangu alibaki. Hapa kila mutu anajua maana ya kubaki. Kwa ile barabara ya Sake, mvua ilikuwa inanyesha, niko na sufuria na blanketi mugongoni, nikateleza nikaanguka juu ya mawe. Nilisikia kitu kinakatika ndani ya nyonga. Papa mumoja aliyekuwa anasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, alinipandisha juu ya mifuko yake ya maharagi, akanifikisha kwa kambi ya Mugunga, akaenda bila hata kuniuliza jina.

Kambini, muzee mumoja anayejua kuunga mifupa alinifunga na vijiti. Maumivu yalipungua, lakini muguu ukapona vibaya, ukakuwa mufupi kuliko mwenzake. Nikaanza kutembea na fimbo, ninajivuta. Ndugu zangu, nawaambia jambo la haya: choo cha kambi ni shimo, lazima uchuchumae, na mimi sikuweza kuchuchumaa. Nikaacha kunywa maji mchana ili nisiende choo. Midomo ilipasuka, kichwa kikauma kila siku. Watu waliniambia, "Mama, Mungu ana mupango." Niliitika ndiyo, lakini moyoni nilikuwa nimekasirika naye.

Halafu tukasikia kwamba kuna hopitali moja hapa mujini ambako docta wa mifupa anapasua watu wa kambi bila kuwalipisha, anaondoa nyonga iliyoharibika anaweka ya chuma. Nikapelekwa kupimwa. Wakatoa damu, wakapima tansio ya damu, wakasikiliza moyo, wakapiga picha. Halafu wakaniambia nifungue mudomo. Nikashangaa: nimekuja na nyonga, wao wanatafuta meno! Kumbe jino likioza, uchafu wake unaweza kutembea na damu mpaka kwa chuma. Waling'oa moja siku ileile. Kila kitu kikaonekana kizuri, na mimi nikaanza kuimba ndani kwa ndani.

Mwisho wa yote nikaingia kwa mama muuguzi. Alikuwa mupole. Akaniuliza, "Utalala wapi ukitoka hapa?"

Nikamuambia chini ya shitingi yangu, lile turubai la plastiki, kwa kambi. Akaniuliza kama kuna kitanda, kama mvua inaingia, kama kuna choo cha kukalia, kama kuna mutu wa kuniogesha. Nilijibu hapana kwa yote. Akaeleza kwamba kwa miezi ya kwanza nikichuchumaa, nyonga mupya itachomoka, na kidonda kikiingia matope, watalazimika kutoa kile chuma na nitabaki bila nyonga kabisa.

"Mama, mwili wako umekubali," aliniambia. "Nyumba yako ndiyo imekataa. Ukipata mahali, urudi."

Nikatoka, nikakaa kwa benchi la nje, nikalia bila kujificha. Mahali! Kama ningekuwa na mahali, ningekuwa Mugunga kufanya nini?

Kwa lile benchi kulikuwa na mama mwingine, mutu wa upande wa Beni, amekuja kupimwa kwa sababu ya magoti yake mawili. Yalikuwa yamevimba na kupinda. Aliniacha nilie, halafu akaniuliza. Nilipomaliza kumueleza, akasema yeye yuko na nyumba ya mbao hapa kwa mutaa wa Mapendo, lakini anaishi peke yake, watoto wake vita vya kwao viliwamaliza, na muuguzi amemuuliza nani atamuchotea maji wakati magoti yatakuwa yanapona. Naye alikuwa amerudishwa, kama mimi.

"Mimi niko na chumba, sina mutu," akasema. "Wewe uko mutu, huna chumba. Kuja."

Tukapatana pale pale: atakayepasuliwa kwanza, mwenzake atamuhudumia, halafu tutabadilishana. Tulipatana kama wachuuzi wa soko, hakuna aliyemuhurumia mwenzake. Labda ndiyo sababu nilikubali haraka.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwa mutaa huu. Papa mumoja fundi wa chukudu alitutengenezea kiti cha choo, kiti cha mbao chenye tundu katikati, na mulicheka, musikatae. Watoto walikuwa wanakuja kuchungulia. Wengine hawakucheka. Walisikia nikizungumza Kinyarwanda, na vita vilikuwa vinakaribia, wakaniwazia kuwa mutu wa adui, basi wapapa wawili wakaja kumuuliza mama mwenye nyumba ni nani huyu amemuingiza ndani, na anasali kwa luga gani. Aliwajibu kwamba ninasali Baba Yetu ileile, na kama wanahangaika na mimi, walete bidoni ya maji, dumu lenyewe lile la manjano liko mulangoni. Mumoja wao alileta. Yuko hapa leo, ninamuona anatazama chini.

Sasa kungojea. Kungojea, wapendwa, kulinichosha kuliko ule muguu. Nilirudi kwa mama muuguzi nikamuambia nimepata mahali, na docta akanipa randevu, siku ya kupasuliwa. Nikaenda, nikalala bila kula, asubuhi wakanivalisha nguo ya hopitali. Saa ikafika, mulango ukafunguliwa, wakaingizwa watu waliopigwa risasi kutoka upande wa Sake, damu inatiririka kwa sakafu. Nikaambiwa nivue nguo ile, nirudi nyumbani. Nikapewa randevu nyingine, ikapita hivyohivyo. Nitasema ukweli kwa sababu hapa ni kwa Mungu: nilianza kuwachukia watu wa risasi. Kijana anaingia akishika tumbo lake, na mimi ninawaza, huyu naye amekuja kunipokonya kitanda changu. Nilifikia hapo. Mateso hayamufanyi mutu kuwa mutakatifu, musidanganyike.

Miezi ikapita, vipimo vyetu vikazeeka, tukaitwa wote wawili kupimwa upya. Mimi niliingia nikatoka, wakasema niko sawa. Mama mwenye nyumba alikawia. Alipotoka alikuwa amekunja kitambaa chake mukononi, akasema twende.

Tulipofika nyumbani ndiyo akaniambia. Docta amesikiliza moyo wake, akaupima na mashine, moyo ni mubovu. Hautavumilia dawa ya kulaza. Hawatamupasua magoti, si sasa, si mwaka ujao, hata vita viishe.

Yeye akaingia kuosha sombe, yale majani ya muhogo ya kupika. Mimi nikaenda kwa kona yangu, nikaanza kufunga vitu vyangu ndani ya kitenge. Nilijua hesabu ya mapatano yetu. Tulipatana kubadilishana, na yeye hana tena zamu. Kubaki pale ingekuwa kumula mutu aliyeanguka. Nilijua pia kwamba nikirudi kambini, habari ya kupasuliwa imekwisha.

Alinikuta ninafunga fundo.

"Unaenda wapi?"

"Mama, tulipatana kusaidiana. Sasa mimi ni muzigo tu."

Alisimama pale akishikilia ukuta, maana magoti hayakumupa nafasi ya kusimama bure. Akaniangalia sana.

"Leo nimepoteza magoti yangu," akasema. "Unataka nipoteze na nyonga yako? Fungua hicho kitenge."

Nikafungua. Tulikula ile sombe, na baada ya kula yeye akalia, kilio cha mutu muzima, mabega yanatikisika. Nilimukanda magoti na mafuta mpaka akanyamaza. Ndugu zangu, lile fundo lilipofunguka ndipo mimi nilipopona. Mengine yote docta aliyamalizia.

Vita viliingia mujini. Munakumbuka wenyewe, sina haja ya kuwasimulia: umeme umekatika, maji hakuna, risasi zinapiga mabati. Watu wote walilala chini, lakini mimi sikuweza kushuka chini, basi mama mwenye nyumba akasimamisha godoro lake kwa ukuta upande wa kitanda changu, yeye akalala kwa ubao mutupu. Tulipotoka nje, hopitali ilikuwa imejaa watu wa risasi mpaka uwanjani. Nilisema nafasi ya nyonga yangu imekufa pamoja na waliokufa. Kwa mara ya kwanza sikuwachukia. Niliwaona ni watu wanaongojea, kama sisi.

Niliitwa wakati nimeshaacha kungojea. Wakanichoma sindano ya mugongo, nikasikia wanapigapiga mufupa kama mafundi wa mbao, nikasinzia. Nilipofungua macho, mama mwenye nyumba alikuwa pembeni ya kitanda na kopo la uji. Alikuja amekaa juu ya chukudu kama gunia la makala ya kupikia, wauguzi wakamukaripia, hakuwajali. Alinilisha, aliniosha, alimwaga uchafu wangu, kwa magoti yale. Nyumbani kila nilipotaka kuinama aliniita jina langu kwa ukali, nami nikanyooka. Nilianza na fimbo mbili, nikaacha moja, nikaacha na ya pili.

Ninamushukuru docta na mama muuguzi aliyeniuliza lile swali bila kunidanganya. Papa wa kiti, aksanti, sasa unaweza kucheka. Ninyi wa shirika muliopokezana kuleta maji siku zile za ukame wa bomba, Mungu awaone. Na neno langu kwenu ni hili. Mugonjwa akija mbele yenu, musianze na Mungu ana mupango. Mumuulize kwanza atalala wapi. Labda mupango wenyewe uko ndani ya chumba chenu, kile munachowekea magunia.

Musinipigie makofi. Mwenye ushuhuda huu hayuko hapa, mawe ya barabara yetu yamemushinda, magoti yanazidi, na moyo unamuchosha hata akiwa amekaa. Ninaogopa juu yake kila siku, sitaficha. Ameniruhusu nizungumze, ila amenikataza kulia, na nimeshamukosea.

Nikitoka hapa nitamukuta amekaa mulangoni. Kila siku ananituma niende mpaka kwa barabara kubwa na kurudi, bila fimbo, bila sababu. "Tembea nione," anasema. Ninatembea. Ananifuata kwa macho, hatua kwa hatua, mpaka nisimame tena mbele yake, na hapo anashusha pumzi kama mutu aliyetoka mbali, anapangusa jasho kwa uso wake mwenyewe, anasema, "Tumefika."