Pengo katika Chumba cha Mama

Mwaka 1954, katika basi la Marangu, mkulima wa kahawa aitwaye Gidioni aliona mwiko ukichungulia kwenye kikapu cha jirani yake wa kiti, Mashaka wa Kiboriloni, akamuuliza kama ni fundi. "Wa vigae," alijibu Mashaka. Hata kabla hatujaanza kupanda mlima, kazi ilishapatikana: sakafu za nyumba mpya ya Gidioni. Mimi nilikuwa natoka kumzika dada yangu, nikashukuru kupata kitu kingine cha kusikiliza.

"Ila chumbani kwa mama, acha pengo la kigae kimoja katikati," alisema Gidioni.

"La nini, mzee?"

"Kila jioni mama humwagia marehemu baba pombe kidogo ya mbege ardhini. Juu ya kigae itatuama tu, mke wangu aifute kwa tambara. Mama amesema pasipo udongo haondoki kwenye nyumba ya majani, na paa lake limeoza."

"Kwani ninyi si Walutheri?"

"Sote. Mama hasa Jumapili."

Mashaka alitikisa kichwa. "Watu watasema vigae vilinipungukia. Pengo nitaliweka chini ya kitanda."

"Baba akanywee chini ya kitanda?"

Basi lilisimama sokoni. Walishuka, Gidioni akipima ukubwa wa pengo hewani kwa viganja viwili, Mashaka akivisukuma visogeleane.