Leonardi Anselmo na Bunduki Iliyosemwa Haina Kitu

Baba Padri, ndugu, na majirani wa Temeke, familia inaomba masikio yenu, maana tangu juzi yamesemwa mengi, na mengine hayakupaswa kusemwa.

Marehemu Leonardi Anselmo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1914, karibu na Masasi, akasoma shule ya misheni tangu 1923 hadi 1929, akaja Dar es Salaam mwaka 1934, akafanya useremala hapa Temeke, na meza nyingi mnazolia ugali zimetoka mikononi mwake. Tarehe 6 Novemba 1937 alifunga ndoa na Sesilia, wakajaliwa Yuliana na Fransis. Mwaka 1940 aliingia Keya, jeshi la Mwingereza, akapigana Habeshi na Burma, akarudi 1946 bila hata kovu, akashika randa yake.

Katoka Burma mzima, jamani, akaja kuuawa na sherehe.

Tarehe 2 Juni mwaka huu wa 1953, siku Malkia alipovishwa taji, chama cha askari wa zamani kiliandaa vita vya kuigiza, kikaazima bunduki kambini pamoja na risasi baridi, zile zisizo na kichwa cha chuma, na aliyezigawa akatangaza kwamba ni mlio tu. Mchezo ulipokwisha, Mwishehe, mtani wa marehemu wa miaka mingi, alimwekea mtutu tumboni, akamwambia leo anamzika, na marehemu, kwa kuwa mtani hakimbiwi, akalitunisha tumbo huku anacheka. Sesilia alimwomba Mwishehe aondoe kitu hicho, akaambiwa wanawake waoga. Bunduki ikalia. Chuma haikuwa nacho, ni kweli, lakini ilikuwa na baruti, na moto, na upepo wake mkali, na kizibo cha karatasi kilichoingia tumboni pamoja na kipande cha shati.

Kwenye zahanati alikopelekwa kwanza, mhudumu aliuliza ni risasi gani, alipoambiwa ni baridi akapaka dawa juu juu, akamrudisha nyumbani, na siku zilizofuata Sesilia alihangaika akisema tumbo limekuwa gumu kama ubao, akijibiwa na kila mtu, hata sisi ndugu, kwamba risasi baridi haiui. Tulipokubali kumpeleka hospitali kubwa, maji yalikuwa yamezidi unga, naye akafariki alfajiri ya tarehe 9 Juni.

Familia inamshukuru daktari aliyempasua akajitahidi, masista waliomuuguza, mafundi wenzake walioranda jeneza hili, na majirani waliokesha nasi. Mwishehe, kwa desturi ya watani msibani, leo angekuwa anajilaza kaburini na kutuvunja mbavu, lakini tangu asubuhi anachimba tu, na Sesilia amempelekea maji ya kunywa kwa mkono wa Yuliana.

Chama cha askari nacho tunakishukuru kwa kuja na sare. Ila tumeziona bunduki mlizozipanga pale za kumpigia saluti, na tunajua mmezijaza nini. Sesilia ametutuma neno, nalisoma kama alivyolisema: "Zirudisheni kambini. Mume wangu asiambiwe tena kwamba ni mlio tu."

Lala, Leonardi, upumzike kwa amani, na kwa kimya.