Miaka Thelathini na Mmoja ya Kuchungulia Matangi ya Meli

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuichelewesha biashara ya dunia, mkaguzi wetu wa maji ya meli, Mama Chupa, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Uongozi umeshusha pumzi.

Kwa wasiojua kazi yake, nao ni wengi pale ghorofa ya juu: meli isiyo na shehena hujaza maji ya bahari matangini ili isiyumbe, kisha huyamwaga bandarini inapokuja kupakia. Humo husafiri abiria wasiokata tiketi: kome, mwani, vijidudu vya maradhi. Mama Chupa alipanda melini na kamba, ndoo na chupa zake, akachota, akachungulia kwa hadubini, akasema ndiyo au hapana. Hapana ndiyo iliyomponza.

Mwaka wake wa kumi na nne alihamishiwa masjala, eti apumzike. Kome wa kigeni hawakupumzika. Ndani ya miaka miwili walijazana kwenye mabomba ya kuzimia moto yanayovuta maji ya bahari, na siku ghala la pamba lilipowaka, mabomba yalitoa matone. Akarudishwa kazini kimyakimya, bila hata soda.

Miaka tisa iliyopita iliingia meli kutoka bandari yenye kipindupindu. Alifunga valvu ya kumwagia maji kwa waya na lakiri, akaagiza majibu ya maabara yasubiriwe. Meneja wa bandari akamwita.

"Mama, maji ni maji tu," alimweleza, kwa upole wa mtu mwenye simu tatu zinazoita.

Mama Chupa aliweka mezani chupa ya sampuli na glasi safi. "Basi bosi, karibu."

Meneja alikumbuka ghafla kuwa ana kikao. Meli ikasubiri.

Siku ya nne majibu yakaja: vijidudu vya kipindupindu vimo. Wachuuzi wanaosuuza samaki kando ya gati hawakuugua hata mmoja. Kwa kuwa jambo lisilotokea halipigwi picha, alizawadiwa barua ya onyo kwa utovu wa nidhamu. Tunaarifiwa mchakato wa kuifuta unaendelea vizuri.

Nafasi yake haitajazwa. Kuanzia Julai manahodha watajikagua wenyewe, kwa fomu ya ukurasa mmoja.

Mama yetu, asante kwa kila hapana. Mzee wako, fundi cherehani, ameahidi kukuacha ulale hadi saa tatu asubuhi, usimkatalie. Tunakuombea pumziko refu na afya tele. Na tafadhali, kuanzia Julai, maji ya kunywa uchemshe.