Dada Yetu, Msomaji wa Picha za Anga

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye ofisini mlimwita Bi Darubini na nyumbani tulimwita Dada tu, nami ndiye niliyemfuata kuzaliwa.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa fundi viatu na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, sekondari hadi 1975, kisha chuo cha upimaji na ramani, alikohitimu mwaka 1978 akiwa msichana pekee darasani. Tarehe 3 Julai mwaka huohuo aliajiriwa ofisi ya ramani, kazi yake ikiwa kutazama picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege na kuwaeleza maofisa wa mipango miji, ipi ni nyumba, upi ni mfereji, na kipi ni kivuli tu. Ndege yenyewe aliipanda mara moja, akatapika njia nzima, akaapa kwamba tangu siku hiyo mji atautazama akiwa ameketi mezani.

Tarehe 11 Desemba 1982 alifunga ndoa na shemeji yetu seremala, aliyeitwa ofisini kutengeneza meza za kuchorea kwa wiki mbili, akazitengeneza kwa wiki sita, sababu mnaijua, wakajaliwa binti mwaka 1984 na mtoto wa kiume mwaka 1987.

Mwaka 1998 ofisi ilianza kuchambua picha kwa kompyuta, na tarehe 6 Mei dada alitia saini ramani ya barabara mpya, iliyopita kwenye eneo lililoonyeshwa kuwa uwanja mtupu. Mwezi uliofuata fundi wake wa cherehani alihamia mtaa mwingine, dada akamfuata huko kupima gauni, na alipotoka nje akatambua kwamba amesimama katikati ya uwanja ule mtupu, akainua macho, akaona mapaa ya mabati yameota kutu kila upande, rangi ileile ya udongo, ndipo akaelewa kompyuta ilidanganyikaje, naye pamoja nayo.

Kesho yake alimwambia mkuu wake, "Mzee, pale tulipopaita uwanja, jana nimevishwa gauni." Mkuu akajibu, "Ramani imeshatoka, mama, unataka watu wajue tumekosea?" Dada akasema, "Nimekosea mimi, saini ni yangu," akaandika barua ya kuifuta ramani yake, kisha kwa siku kumi na tisa akazunguka kwa miguu na picha mkononi, akahesabu nyumba mia tatu na kumi na nane, barabara ikasogezwa, na hakuna aliyebomolewa.

Yeye alihamishiwa stoo ya filamu za picha za zamani kwa miaka minne, na tusimpambe kwa kusema alivumilia kimya, kwani alinuna, na shemeji alisikia habari za stoo kila mlo. Mwaka 2002 alirudishwa, akafundisha vijana kukagua kwa miguu kabla ya kutia saini, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2018.

Septemba 2023 alianza kuumwa ubavu, na alipoonyeshwa picha ya ini lake aliisogeza dirishani, akaitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Daktari, hiki ni kivuli?" Daktari akamjibu, "Hapana mama, ni uvimbe." Akasema, "Umesoma vizuri," akairudisha mezani. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Januari 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi ambao hawakumficha neno, majirani mliopika na kufua miezi minne bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake mliofunga ofisi leo ili mje kumbeba.

Dada, ulituonyesha watu mahali tulipodhani hapana mtu. Pumzika kwa amani.