Zamu ya Saa Tisa: Maisha ya Theresia Lengai, Mama Brian

Waombolezaji, mtuwie radhi. Wasifu huu ni mfupi, kwa sababu anayeusoma, mdogo wa marehemu, Ruth, ana mahali pa kwenda.

Theresia alizaliwa Terrat tarehe 2 Agosti 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Sironka na Bibi Resiato.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, 1969 hadi 1975. Mbuzi wa baba walitaka mchungaji, kwa hiyo yeye na Ruth walipokezana, leo huyu darasani, kesho yule malishoni. Siku moja Ruth alichelewa, mbuzi wakaingia kwenye mahindi ya jirani. Aliyechapwa ni Theresia, na hakumtaja mtu.

Alikuwa mhudumu wa zahanati kuanzia 1982 hadi alipostaafu 2021. Tarehe 20 Oktoba 1984 alifunga ndoa na Bwana Lengai.

Mwaka 2009 alianzisha kikundi chetu cha kuwatunza wagonjwa wa kitandani. Aliyekuwa na ndoo alileta maji, mwenye sabuni alifua mashuka, asiye na kitu alikaa na mgonjwa kwa saa mbili. Kila zamu aliiandika kwenye daftari. Neno "tutaona" hakulipokea.

Mei 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Tulimpenda kupita kiasi. Siku moja mwezi Januari wanakikundi wote tulijazana sebuleni kwake na chupa za chai na vibuyu vya loshoro, mahindi ya maziwa mgando. Akatutazama, akauliza, "Nani yuko kwa Mzee Melkizedeki?"

Hakuna aliyekuwa huko. Mzee, ambaye hawezi kugeuka mwenyewe, alikuwa hajapata maji tangu jana yake.

"Shikamoo zenu nimezipokea," alisema. "Mimi mnanishibisha, mwenzangu anakufa kwa kiu! Tokeni."

Zamu ile ilikuwa ya Ruth. Theresia alijua, daftari alikuwa nalo kitandani. Safari hii pia hakumtaja mtu. Ruth aliona aibu, naye hakuwahi kumwomba dada yake msamaha.

Mama Brian alifariki nyumbani, Jumatatu tarehe 17 Machi 2025, akiwa na miaka 63.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu saba, na wagonjwa sita. Leo saa tisa, kwa Mzee Melkizedeki, ni zamu aliyojiandikia mwenyewe kabla hajazidiwa. Jana Ruth alizunguka nyumba kumi na moja akitafuta wa kuishika. Kote alijibiwa, "Kesho siwezi, namzika Mama Brian."

Sasa ni saa nane na nusu, sote tuko hapa, na mzee yuko peke yake. Ruth hatamwona dada yake akishushwa kaburini. Msimsubiri kutupa udongo, wala msimtafute kwenye chakula. Daftari liko mezani, karibu na mashada, na zamu za kesho hazina majina.

Dada, nisamehe. Wewe pumzika kwa amani. Sisi tutapumzika kwa zamu.