Mama Huruma na Maghorofa Mawili Yaliyobadilishana Miji

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Dominika Sijaona, ambaye hakuna anayemwita hivyo isipokuwa karani wa mishahara, anastaafu baada ya miaka thelathini na sita katika Shirika letu la Maghala. Mama Huruma, kama tunavyomwita sote, aliingia akiwa tarishi na anaondoka akiwa msimamizi wa majengo yetu mawili, la Masasi na la Newala.

Majengo hayo yalichorwa na kampuni moja ya wasanifu kutoka Dar es Salaam, na kila moja lina ghorofa sita. Mengine yote ni ugomvi. La Masasi ni vioo kuanzia chini hadi juu. Ikifika saa nane mchana sisi wa ghorofa ya nne tunaiva. La Newala ni zege lenye matundu kila upande ili upepo upite, na upepo wa Newala haujawahi kukataa mwaliko. Wenzetu wa kule wanafanya kazi na masweta, ukungu unaingia bila hodi, na barua ya siri ya shirika iliwahi kuokotwa sokoni na kurudishwa na muuza dagaa, ikiwa imeshasomwa. Paa la Masasi linakinga maji ya mvua wakati bomba liko mlangoni. Newala, ambako ndoo ya maji ni habari, paa ni bapa kama chapati.

Newala wanasema lao ni refu zaidi kwa sababu liko juu mlimani. Masasi tunasema mlima hauhesabiwi. Ubishi huo umeshavunja vikao viwili vya mwaka na uchumba mmoja.

Mama Huruma hakuwahi kuchukua upande. Alitushonea mapazia ya magunia ya korosho, kisha akapanda Newala kuziba matundu kwa mbao, akiacha machache ya kupumulia. Tulidhani ni bidii tu. Alipewa cheti cha mfanyakazi bora mara tatu, na kila mara alikipokea kichwa chini, kama mtu aliyeitwa polisi.

Mwezi wa tano alimwandikia meneja, Ndugu Godwin, barua ya kurasa nne. Alikiri kwamba mwaka wake wa pili kazini alitumwa kukabidhi michoro kwa mafundi wakuu wawili waliokuja Masasi kuipokea. Yalikuwa mabunda mawili ya karatasi ya kahawia, bila jina nje. Aliambiwa la juu ni la fundi wa Masasi, la chini ni la fundi wa Newala. Lakini fundi wa Newala, Mzee Petro, ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri, na binti aliyelelewa kijijini Makote hawezi kumfanya mkubwa awe wa pili. Akapiga goti, akaamkia, akaitikiwa, akampa bunda la juu kwa mikono miwili. Aligundua kosa jengo la Newala lilipofika ghorofa ya tatu na matundu yake. Akaogopa kufukuzwa, akanyamaza. Barua iliishia kwa kuomba asifanyiwe sherehe, kwa kuwa hastahili.

Meneja alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akapanda Newala kwa Mzee Petro, ambaye sasa ana miaka themanini na minane.

“Nilijua siku ileile, mwanangu,” mzee akasema. “Pembeni paliandikwa Masasi. Ila ningerudisha, yule binti angefukuzwa. Na ndiye pekee aliyeniamkia kabla ya kuniuliza habari za saruji.”

Meneja akamkumbusha wafanyakazi waliotetemeka miaka yote hiyo. Mzee akajibu kwamba masweta yanauzwa. Kuhusu fundi wa Masasi, alisema hakuwa mtu wa kusoma pembeni.

Kwa hiyo sherehe ipo. Newala wanatoa feni, kwa kuwa hawana kazi nayo, na Masasi tunatoa sweta kwa sababu hiyohiyo.

Mama Huruma, asante kwa mapazia, kwa mbao, na kwa kutubebea majengo mawili mgongoni huku ukidhani ni adhabu. Hatukukasirika hata kidogo. Tunakuombea afya na siku nyingi za furaha katika nyumba unayojenga Makote, ambayo tumefurahi kusikia ina mchoro mmoja tu. Mzee Petro atakuwepo, na ameomba jambo moja: siku hiyo, kabla yake yeye, wa kwanza kuamkiwa awe wewe.